Abiria Asiyesafiri

Watu wakianza kulalamika juu ya magari ya Kisauni, mimi hunyamaza. Na mimi si mtu wa kunyamaza, muulize yeyote aliyewahi kupanga nyumba moja nami. Jambo likinikera nalisema, likinikera zaidi nalisema kwa sauti, hata wa nyumba ya tatu asikie. Lakini mtu akisema mbele yangu, "Jana nimekaa garini saa nzima, naambiwa latoka sasa hivi, sasa hivi, wala halitoki," basi mimi huinama nikajifanya natafuta kitu mkobani. Huenda aliyemwambia latoka sasa hivi nilikuwa mimi.

Zamani nilikuwa abiria wa kweli, tena abiria mwenye hasira. Nilishona nguo katika kiwanda kimoja cha Changamwe, na kutoka Kisauni hadi Changamwe ni kukivuka kisiwa kizima, magari mawili, na saa ya kufika aijuaye ni Mungu. Lango la kiwanda lilifungwa saa moja kamili. Nilitoka nyumbani watu wakiwa bado msikitini kwa swala ya alfajiri. Nikipanda, gari halitoki mpaka lijae. Likijaa, dereva yuko kibandani anakunywa chai. Akimaliza chai, tukifika Kongowea mikokoteni ya vitunguu imeshika barabara, lori la viazi limeegeshwa kati kama barabara ni ya baba yao, na makanga anatuambia tushuke hapo hapo, wao wanageuza. Ala! Na tumelipa mpaka mjini! Siku moja nilimwambia dereva kwamba hata punda wa Lamu ana haya kumshinda yeye. Gari zima likacheka, naye akanishusha. Hiyo ndiyo siku niliyochelewa mara ya tatu. Msimamizi wa kiwanda hakutaka kusikia habari ya gari wala ya punda. Nikaambiwa nisirudi.

Nilikaa nyumbani mwezi na ushei. Kisha mkubwa wa steji yetu, mwanamume mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kukwaruza, akaniita. Alinijua kwa ugomvi.

"Wewe dada una sura ya mtu aendaye kazini," akaniambia. "Njoo nikupe kazi ya kukaa."

Nilidhani ananifanyia mzaha, kumbe la. Abiria wa kwetu hapandi gari tupu. Amekwisha kujifunza kwamba gari tupu ni saa nzima ya kungoja, kwa hivyo akiliona tupu hulipita akatafuta lililojaa nusu. Basi mwenye steji huwatafuta watu wanne watano wa kukaa ndani, wavae kama wasafiri, gari lionekane limekaribia kutoka. Abiria wa kweli wakiingia, makanga hugonga bodi mara mbili kwa kiganja, mmoja wetu akashuka na kisingizio chake: amesahau simu, ameitwa nyumbani, tumbo linamsokota. Huzunguka nyuma ya kibanda cha mahamri, kisha akapanda gari linalofuata. Hiyo ndiyo kazi. Kutwa nasafiri na sifiki popote.

Na niliifanya vizuri, Mungu nisamehe. Nilipiga pasi buibui langu, nikachukua mkoba ule ule wa kiwandani, nikakaa dirishani karibu na mlango nionekane. Kila baada ya dakika chache nilitazama saa na kusema kwa ukali, "Jamani, twendeni! Watu tunachelewa kazini!" Aliyeko nje akisikia hivyo hudhani gari liko mbioni kutoka, akapanda. Hasira iliyonifukuzisha kazi ya kwanza ndiyo iliyonipa ya pili. Mkubwa wa steji alisema hajapata mtu anayejua kulalamika kama mimi.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nilipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja, na wote pale walijua kwamba nafanya kazi kiwandani. Niliwaacha wajue hivyo. Mwanamke aliyeshona mashati ya kupelekwa ng'ambo atasemaje kwamba sasa yuaajiriwa kwa makalio yake? Aibu ilinizidi.

Chumba kilichoelekeana na changu alikaa mama mmoja mjane niliyemwita shangazi. Si shangazi yangu wa damu. Nilihamia pale nikiwa mgeni, nikashikwa na homa wiki ya kwanza, na yeye ndiye aliyenipikia uji wa pilipili manga na kukesha akinipepea. Baada ya hapo sikuweza kumwita jina jingine. Alikuwa mtaratibu, wa maneno machache, mtu wa kusema "abee" hata akiitwa na mtoto. Mimi nikigombana na jirani juu ya zamu ya kufagia, yeye hutoka akaufagia ukumbi mwenyewe, ugomvi ukakosa miguu. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, anakaa Likoni. Kila Jumamosi alikwenda kumwona, na kila Jumamosi nilimwambia, "Nisalimie Likoni," naye akasema, "Zimefika."

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, kama saa mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi na wafanyakazi walikwisha kwenda, steji imepwaya. Gari letu la kwenda Feri lilikuwa na watu watano, na wote watano tulikuwa sisi. Upande wa pili wa barabara lilisimama gari la wapinzani wetu, nalo lilikuwa limejaa kwa haki, limebakisha kiti kimoja. Makanga wao alikuwa akipiga kelele, "Mmoja! Mmoja wa Feri!" na dereva amekwisha kuliwasha.

Nikamwona shangazi. Alikuwa anatembea upesi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, buibui limekaa upande, kitambaa cheupe kimekunjwa kwapani. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye lile gari la ng'ambo. Mguu mmoja ulikwisha kushuka barabarani. Kisha akageuza macho akaniona dirishani.

"Alhamdulillahi, nawe umo!" akasema, akaja mbio upande wetu. "Shangazi yako leo nimepatikana. Hili latoka sasa?"

Makanga wetu alikuwa amesimama mlangoni. Mkubwa wa steji alikuwa hatua tatu nyuma yake, ananitazama.

"Shikamoo shangazi," nikasema. "Ndiyo, latoka."

"Marahaba, mwanangu." Akapanda, akaketi nami ubavu kwa ubavu.

Nilidhani anakwenda sokoni, au hospitali. Wallahi nilidhani hivyo. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, akaniambia taratibu kwamba dada yake amefariki alfajiri.

"Inna lillahi," nikasema. "Pole shangazi."

"Tumeshapoa," akasema. "Amri ya Mungu. Lakini mimi nahitaji kufika mapema. Wanamwosha saa nne."

Akanieleza. Wao wawili walikuwa wameahidiana tangu zamani kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenziwe. Watu wengi husema hivyo. Lakini dada mtu alikatwa ziwa miaka michache nyuma kwa ule ugonjwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona mwili wake isipokuwa shangazi. Hata mabinti zake walikuwa hawajamwona. Alikuwa akioga amefunga mlango kwa makomeo mawili. "Aliniambia Jumamosi hii iliyopita," shangazi akaninong'oneza, ili mzee aliyekaa mbele asisikie. "Aliniambia, usiniache nikashikwa na mkono wa mgeni. Nikamwambia, dadangu, mkono utakuwa wangu." Kile kitambaa alichokumbatia ndicho alichokusudia kumfunikia kifua wakati wa kumwagia maji.

Ng'ambo ya barabara yule makanga alikuwa bado anaita. "Mmoja! Mmoja wa Feri!"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Gari lile halikuondoka papo hapo. Lilikaa dakika mbili, huenda tatu. Nilikuwa na dakika tatu nzima za kusema, "Shangazi, shuka, kimbia, lile ndilo latoka, hili ni la uongo na mimi ni wa uongo." Maneno machache tu, kwangu mimi ambaye mdomo wangu haujui breki. Nilimtukana dereva wa watu mbele ya abiria wote, lakini kumwambia mama aliyenikeshea kwamba sina kazi ya kiwanda, kwamba nakalia viti, sikuweza. Nilimtazama mkubwa wa steji. Nikajiambia, litajaa sasa hivi. Nikajiambia, saa nne ni mbali. Nikajiambia kila kitu.

Gari la ng'ambo likaondoka na kile kiti kimoja kitupu.

Wahenga wasema njia ya mwongo ni fupi. Labda wao hawakungojea gari Kisauni, kwa maana yangu ilikuwa ndefu mno. Tulikaa. Shangazi hakulalamika, alikuwa anavuta tasbihi. Simu yake ililia, akasema, "Niko garini, naja." Ilipofika saa tatu kasorobo wakaja abiria wanne pamoja, na makanga akagonga bodi. Wenzangu wakaanza kushuka mmoja mmoja, yule mzee na gazeti lake, kijana na kisanduku chake cha spana. Bodi ikagongwa tena. Zamu yangu.

"Lo, nimesahau simu," nikasema. Nilisema vile vile ninavyosema siku zote.

"Nenda basi, mwanangu, usihofu," shangazi akasema. "Nitakushikia kiti."

Na akakishika! Nilikuwa nyuma ya kibanda cha mahamri, nachungulia kwenye ufa wa bati, nikamwona anaweka mkoba wake mahali nilipokuwa nimekaa. Watu wakaja, mmoja baada ya mwingine, mpaka gari likabakia na kiti hicho hicho kimoja. Akaja mwanamke na kapu lake. Shangazi akamwambia kwa adabu zake zote, "Hapa pana mtu, mama. Yuaja sasa hivi, amefuata simu." Yule mwanamke akaenda zake. Akaja fundi mmoja na msumeno. "Pana mtu." Naye akaenda. Makanga alibaki anajikuna kisogo. Angesema nini? Angesema yule si abiria, ni mtu wetu wa kukaa? Gari zima lingemfuma kwa maneno. Hila yetu ikatunasa wenyewe, na aliyekuwa anaumia ni yule aliyetuamini.

Mkubwa wa steji akanijia, macho mekundu. "Nenda kamwambie husafiri."

"Siendi," nikasema.

"Kwa nini huendi?"

"Mpeleke makanga. Mimi siendi."

Nilikuwa nalia, naye hakuelewa kwa nini, akadhani namfanyia jeuri. Tukabishana pale, Mungu wangu, tukabishana huku shangazi ameshika kiti. Mwisho makanga akaenda akamwambia kwamba yule dada ameghairi safari. Nikamwona shangazi anachungulia nje, ananitafuta kwa wasiwasi, kama ambaye hataki kuniacha. Ndipo akauondoa mkoba wake. Gari liliondoka saa tatu na nusu, tena na zaidi kidogo.

Yaliyobaki niliyasikia matangani. Kongowea palikuwa pamefungana. Feri walisimama juani kwa muda mrefu, kwa kuwa siku hiyo kilikuwa kinavusha chombo kimoja tu. Likoni walimngoja mpaka saa tano, kisha wazee wakasema maiti hacheleweshwi, na wakaletwa wanawake wawili wa mtaa wa pili ambao kazi yao ni kuosha. Shangazi alifika dada yake amekwisha kuvikwa sanda. Alifunuliwa uso, akambusu kwenye paji. Kile kitambaa cheupe alirudi nacho.

Nilikwenda kumpa mkono siku ya tatu. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, kisomo kimekwisha, kahawa inazunguka. Aliponiona akanisogezea nafasi karibu yake, kama kawaida yake.

"Huyu mwanangu naye gari lile lilimtesa siku ile," akawaambia wenziwe. "Alikuwa anakwenda kazini. Uliwahi? Hawakukugombeza?"

Nikatikisa kichwa.

"Yule dereva mimi nimemshitakia Mungu," akasema, polepole, bila hasira. "Watu watano garini, kisha wote washuke? Lile gari lilikuwa na jambo. Nimemwachia Mungu." Kisha akaniwekea mkono kichwani na kuniombea riziki yangu ya kiwandani isikatike, mbele ya wanawake wote. Wakaitikia amina. Nami niliitikia, kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama.

Msomaji atadhani niliacha kazi ile siku hiyo hiyo. Sikuacha. Nilirudi kesho yake, nikakaa dirishani, nikatazama saa, nikasema twendeni. Nilikaa miezi mingine miwili kabla ya kupata cherehani ya kukodi na kuanza kushona pazia na foronya pale ukumbini. Natamani ningesema dhamiri ilinishinda mapema. Haikunishinda.

Shangazi akahamia Likoni, kwenye nyumba ya marehemu, akae na mabinti. Alipoondoka nilimbebea godoro mpaka kwenye mkokoteni. Siku hiyo pia nilikuwa na nafasi ya kusema.

Nilimwendea baada ya mwaka na zaidi. Hakuna jambo lililonisukuma, ila kwamba nilisikia mtu steji anamwambia mama mmoja, "Panda, latoka sasa," na tumbo likanisokota kweli. Nikavuka, nikafika Likoni, nikamkuta uani anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote kabla hajanikaribisha maji, maana nilijijua. Nilimweleza kazi ile ilikuwa kazi gani. Nilimwambia nilikuwa nyuma ya kibanda.

Alipokuwa na hakika kwamba nimemaliza, aliuliza swali moja.

"Lile gari la ng'ambo. Lilikuwa na nafasi?"

Nilijua kwa nini anauliza. Ningeweza kusema sikumbuki.

"Lilikuwa nayo, shangazi. Kiti kimoja."

Akaendelea kuchambua mchele. Aliitoa chuya moja, akaitoa ya pili, kisha mkono ukasimama.

"Basi mimi nimemdhulumu dereva wa watu," akasema. "Mwaka mzima, kila nikisujudu, namshitakia Mungu mtu asiye na kosa. Wamjua alipo?"

"Bado yuko steji."

"Nipeleke."

Nilimwambia ana mguu unaomuuma, apumzike, nitamletea nambari ya simu. Akasema radhi haiombwi kwa simu. Akavaa buibui, tukavuka pamoja, tukapanda gari mpaka Kisauni, na njia nzima alikuwa anavuta tasbihi. Steji tukamkuta yule dereva ameegemea boneti anapiga mswaki. Shangazi akamsalimu, akamwambia, "Mwanangu, nilikuwekea kinyongo na kukusomea dua mbaya, kumbe si wewe. Niwie radhi."

Dereva alishangaa, akautoa mswaki mdomoni. Hakumkumbuka. "Mimi sina neno nawe, mama," akasema. "Nimekusamehe duniani na akhera." Akanitazama mimi, kisha akatazama chini, kwa kuwa yeye na mimi tulijua gari lile lilivyokuwa likijazwa.

Shangazi akamshukuru, akageuka kutafuta gari la kurudi. Nilimfuata mpaka mlangoni mwa gari. Nilimshika ncha ya buibui kama mtoto.

"Na mimi, shangazi? Mimi je?"

Alinitazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonivunja zaidi.

"Wewe ngoja," akasema. "Nimejaribu tangu kule Likoni, bado haijatoka moyoni. Wewe ningoje."

Akapanda, akachagua kiti cha nyuma kabisa, mahali ambapo aliye nje hawezi kumwona. Huu ni mwaka wa pili, na simu yake haijalia kwangu.